Njaa Zina Majina, Mafuriko Hayana

Mwanangu Mumbua,

Mama yako amenikataza kuandika barua hii. Anasema binti anayehamia kwake hupewa baraka, hapewi hofu, na kama nina la kusema niseme kwa mdomo kama watu wengine. Kwa mdomo nimejaribu tangu asubuhi. Kila nikifika mlangoni nakukuta unakunja nguo za mwanao Mwende huku unaimba, basi nakuuliza kama umepakia chumvi. Umeshanijibu kwamba umepakia chumvi, na mara ya mwisho ulinijibu kwa sauti ya mtu anayemjibu mzee aliyeanza kusahau. Sijasahau kitu. Ndiyo maana nimeketi hapa nyuma ya ghala na karatasi, tena nakuandikia Kiswahili, kwa sababu Kikamba changu nimekizoea kwa kukugombeza na leo sitaki kugombeza.

Mambo ya kuamkia wakwe, ya kumlaza mtoto na ya kupika nitamwachia mama yako, na sasa hivi namsikia akitwanga muthokoi, mahindi ya kukoboa, wa kukufungia, kana kwamba huko kwenu Masinga hakuna mahindi. Mimi nina jambo moja tu. Sitaki ulale katika ile nyumba aliyojenga Kioko.

Nimelisema. Sasa acha nivute pumzi, nikueleze kabla hujaitupa karatasi hii.

Mume wako simlaumu. Ulipokuja kujifungulia hapa kwetu Muthetheni alikuacha mikononi mwetu, akaenda kujenga, na kweli amejenga. Mwezi uliopita aliponichukua nikaone, nilifurahi mpaka nikaona haya. Mabati mapya, sakafu ya saruji, dirisha lenye kioo. Na lile shamba! Mahindi yamesimama marefu kuliko mimi, meusi kwa afya, hayajui mbolea. Mimi niliyezeeka nikikwangua mteremko huu wenye mawe nilisimama katikati ya mahindi yale na kumwonea wivu mkwe wangu, Mungu anisamehe.

Halafu kamba ya kiatu ikafunguka. Nikainama pale mlangoni kwenu kuifunga, nikaona kwenye udongo, chini kidogo ya kizingiti, maganda ya konokono. Hayakuwa ya konokono wa shambani. Yalikuwa yale madogo meupe ya majini, mengi, yamechanganyika na udongo kama mchele uliomwagika. Nikainua macho. Mbele ya nyumba kuna bwawa, na ndani ya maji kuna miti mikavu ya kijivu iliyosimama bila majani. Nikaangalia miti, nikaangalia mlango, nikaelewa kwamba mahindi yale ni meusi hivyo kwa sababu udongo ule ni wa bwawa. Maji yamerudi nyuma kwa sababu ya ukame, yakaacha tope lao zuri, na watu wakapanda. Kupanda si kosa. Lakini Kioko amejenga humo humo.

Nikamuuliza, “Kioko, hii maji hufika hapa?”

“Zamani, mzee,” akaniambia, anacheka. “Siku hizi mvua imepotea. Na hii shamba ni moto, ukiweka mbegu leo kesho unakula. Niko na mpango nijenge na jikoni pale chini karibu na maji, Mumbua asichoke kuchota.”

Unajua nilimjibu nini? Nilimjibu, “Ni kuzuri.”

Sisi tuna nthoni, na wewe umelelewa ndani yake. Baba mkwe haendi kwa mkwe wake kupima kuta na kukosoa milango. Hukaa anapokalishwa, akala anachopewa, akasifu, akaenda zake. Ni heshima nzuri, imezuia magomvi mengi. Siku ile ilinifunga mdomo, nikanywa chai ya mume wako nikiwa na ganda la konokono mfukoni. Tangu hapo sijalala vizuri. Mama yako anadhani ni mgongo.

Nawe utaniuliza kwa nini mtu wa Muthetheni, ambako tunaomba mvua kanisani kila msimu, aogope maji. Hilo ndilo nataka ulijue.

Watu wetu wamezipa njaa majina. Ukikaa na wazee hawakutajii miaka, wanakutajia njaa. Susu yako, mama yangu mzazi, alikuwa akisimulia ile ya Nikwa Ngwete, yaani nakufa na huku nimeshika, kwa sababu watu walikuwa na pesa mkononi na dukani hapakuwa na unga. Nilikuwa mtoto na ninaikumbuka; nakumbuka baba akirudi kutoka Kithimani na gunia tupu ameliweka begani vile vile, kama lina kitu, ili majirani wasituonee huruma. Kila njaa ina jina na kila jina lina funzo, ndiyo maana mwaka wa jua kali kila mtu hapa anajua la kufanya. Mafuriko je? Nitajie moja. Hakuna. Hatujawahi kuyapa jina hata moja. Sisi mvua kwetu ni mgeni tuliyemlilia, na mgeni wa namna hiyo hafungiwi mlango, hata akija na panga.

Shangazi yako Wayua unajua tu kwamba alikufa kwa maji. Sikuwahi kukueleza zaidi kwa sababu Susu alikuwa hai na hakutaka. Sasa hayupo, na wewe unaondoka.

Alizaliwa wakati wa njaa, ndiyo maana wakamwita Wayua. Alikuwa mdogo wangu wa kunifuata, ana mdomo kama wako. Mwaka ule kulikuwa na ukame mbaya, mto wetu ulikuwa mchanga mtupu, tunachimba mashimo katikati ya mto na kungoja maji yajikusanye kikombe kwa kikombe. Tulikuwa huko chini sisi wawili na punda, na watoto wengine wa kijiji. Hapa kwetu jua lilikuwa kali. Lakini juu, upande wa milimani, mbingu ilikuwa nyeusi, na upepo ukatuletea harufu ya udongo uliolowa. Akina mama waliokuwa ukingoni wakapiga vigelegele. Susu mwenyewe alipiga. Kisha tukausikia mto unakuja.

Kulikuwa na mchezo wetu, na sijui kama upo kwingine. Maji ya kwanza ya msimu hayaji kama ukuta. Huja ulimi mwembamba wa kahawia, unasukuma majani makavu na mavi ya mbuzi, unatambaa juu ya mchanga. Watoto tulikuwa tukikimbia kuyapokea. Wa kwanza kuyakanyaga alisifiwa, na wazazi walikuwa wakicheka, wakisema shamba la kwao litazaa. Nami ndiye niliyepaza sauti, “Twende tuyapokee!” Punda akagoma kusogea. Nilikuwa mkubwa, punda alikuwa mikononi mwangu, nikabaki kumvuta kuelekea ukingoni huku nikimtukana kwa kuninyima ushindi. Wayua alikimbia. Aliyakanyaga wa kwanza kabisa, akageuka kunionyesha. Nilikuwa nacheka. Nyuma ya ulimi ule kulikuwa na mto wenyewe.

Tulimpata kesho yake, mbali huko chini, amenaswa kwenye mizizi ya mgunga. Watoto wengine waliwahi kutoka.

Uchungu wangu haukuishia hapo. Mvua ile ilikata ukame. Watu walipanda, wakavuna mpaka ghala zikafurika, na hadi leo ukiuliza wazee kuhusu mwaka ule watakuambia ulikuwa mwaka wa neema. Wanaukumbuka kwa mavuno. Susu alivuna pamoja nao, midomo ameifunga, na hakuna aliyethubutu kusema kwamba ile neema ilituua. Mimi pia sikusema. Mtu atailaumu vipi mvua katika nchi hii?

Kwa hiyo usidhani Kioko ni mjinga. Ni mmoja wetu tu. Ameona maji na moyo wake ukapanuka, kama wetu ulivyopanuka.

Nimeweka kalamu chini kidogo nimsikilize mama yako. Anakuuliza nilikoenda, nawe unamwambia pengine nimeenda kuangalia ng'ombe. Ng'ombe gani? Nina ndama mmoja. Lakini umenikumbusha ng'ombe wale, na ni haki uwajue kwa sababu uliwalilia.

Ulikuwa shule ya msingi wakati wa ukame uliowaua. Alikuja mchinjaji wa sokoni, akasimama pale pale ulipo mchongoma, akanipa bei. Ilikuwa bei ndogo, na nilijiona natukanwa. Nikamwambia, “Mawingu hayo, huyaoni? Mvua ikinyesha utanipa bei ya maana.” Dalili ya mvua ni mawingu, sivyo? Yule bwana akacheka, akaniambia, “Mzee, wewe kaa na mawingu yako.” Nikakaa nayo. Mama yako aliniambia niuze angalau wawili tuokoe wengine, nami nikamwambia mwanamke hajui ng'ombe. Walikufa wote, mmoja mmoja, na yule wako uliyemwita Meli alikuwa wa mwisho, tukimnyanyua asubuhi kwa kamba ili asimame. Mvua ikaja tukiwa tunachuna ngozi yake. Ngoja ngoja huumiza matumbo, wanasema. Yangu iliumiza matumbo yenu, maana mimi nilikula chakula changu na ninyi mkakosa maziwa.

Tena wewe mwenyewe, mama, ulizaliwa katika mvua ambayo redio, si sisi, iliiita Elnino, na jina lako ndilo hilo, wa mvua. Unalipenda jina lako. Basi kuna sehemu yake sijakwambia. Kabla ya mvua ile kikundi chetu cha mwethya kilikuwa kikienda shamba hadi shamba kufanyiana kazi ya fanya juu: unachimba mtaro kukata mteremko, udongo unautupa upande wa juu uwe tuta la kuzuia maji. Tuta la babu yako lilikuwa limepasuka mahali pamoja. Walipofika kwetu niliwaambia waruke, nitaziba mwenyewe. Nilikuwa nikipakia mchanga kwenye malori siku zile, nina viatu vya mjini, na mwethya nikiuona ni kazi ya akina mama wenye nyimbo. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Nilijua methali hiyo toka darasa la pili na haikunisaidia kitu. Ulipozaliwa, maji yalipita mahali pale pale. Asubuhi nilitoka na wewe kwenye blanketi nikuonyeshe shamba lako, nikakuta mawe. Udongo wa baba yangu wote ulikuwa mtoni. Nimekulea juu ya mawe, Mumbua, na kila hindi fupi ulilokula lilikuwa la ule ufa.

Sikuandikii haya unihurumie. Nimefikiria sana ni ugonjwa gani tulio nao, na nadhani ni huu wa kungoja. Tunangoja mvua, na tumekuwa hodari wa kungoja hivi kwamba tunangoja hata mahali ambapo kungoja kutatuua.

Nayaona yatakayokuja. Maji ya bwawa si kama mto wetu, hayatakuja mbio. Mvua itanyesha huko juu kwenye milima ya watu wengine, na Masinga jua litawaka kama kawaida. Utaona asubuhi maji yamesogea kidogo. Kioko atasema yatarudi. Kesho yake yatakuwa kwenye mistari ya kwanza ya mahindi, na mahindi yatakuwa yamebeba, yanakaribia. Hapo ndipo moyo wangu unasimama. Kwa sababu nakujua. Utasema, baba, ni kidogo tu, tuvune kwanza. Utaweka mawe mlangoni. Utamweka Mwende kitandani na magunia juu ya meza. Mtangoja. Na njia ya kutoka pale inapita kwenye bonde, nililiona, litajaa kabla ya nyumba yenu, na katika maji yale kuna mamba, hata Kioko mwenyewe alinionyesha kwa kidole kama mtu anayeonyesha mbuzi wake.

Redio imesema msimu huu mvua itakuwa kubwa. Redio hukosea, najua, imenidanganya mara nyingi kuliko wanasiasa. Lakini tangu juzi upande wa Mlima Kenya radi inamulika usiku, na siwezi kukaa nikisubiri redio ithibitike.

Nilikuwa nimepanga kukuomba umwambie Kioko kwa upole, siku ukimwona amefurahi, kwamba nyumba ihamishwe. Kuna mahali juu ya barabara, pana mawe, hapaoti kitu, mbuzi wa jirani walikuwa wamelala pale. Nilipaangalia sana. Udongo wake ni mwekundu na hauna ganda hata moja. Mlale pale. Shamba libaki chini, mlime, mvune, maji yakija yachukue mahindi na msiyafuate. Utachoka kuchota maji, ndiyo. Uchoke. Mama yako amechota maji maisha yake yote akipanda mlima huu na bado ana nguvu za kunikataza kuandika.

Basi hapo nilipokuwa nikimaliza, mama yako amenifuma. Amesimama nyuma yangu na mchi mkononi, akasoma. Sikumzuia. Nilidhani atanigombeza, na nilikuwa tayari.

Akauliza, “Hayo maganda umeyaona kweli?”

Nikatoa lile la mfukoni nikampa. Akaliweka kiganjani, akaligeuza.

“Aiya,” akasema. “Na ukakunywa chai?”

“Nikakunywa.”

“Na kesho unataka Mumbua abebe hii maneno peke yake? Msichana mgeni, amwambie bwana yake ati baba amesema nyumba yako ni mbaya? Si ataambiwa amekuja na kiburi ya kwao?”

Ameniachia ganda juu ya karatasi hii akarudi kwenye kinu chake, na kutwanga kwake sasa kumekuwa kwa hasira. Amesema kweli. Nilikuwa nakutwika wewe mzigo wangu, kwa sababu naona haya. Ningekupa barua, nikupungie mkono, nirudi kukaa hapa kungoja habari. Yaani ningengoja tena.

Kwa hiyo sikwambii umwambie Kioko chochote. Asubuhi akifika na pikapu mpe chai, na acheni nafasi pale nyuma kwa mizigo. Nitakuwa nimeweka sururu, jembe, msumeno na kamba, na mimi mwenyewe nitapanda juu yake. Nitamwambia njiani, au tukifika, kwa maneno yatakayokuja, na najua yatakuja vibaya. Huenda akaninunia. Wazee wa kwao watasema baba mkwe hana adabu, amekuja kubomoa nyumba ya mkwe wake, na watakuwa wamesema kweli. Wakinitoza mbuzi nitamtoa. Wewe ukae kimya, ushike mtoto, aibu iwe yangu yote. Nitalala nje, nitakula nitakachopewa au nisipewe, lakini mimi sirudi Muthetheni mpaka nimemwona Mwende amelala juu ya barabara.

Mimi baba yako, ninayekupenda kuliko haya zangu.